Upande wa pili wa santuri: Nyimbo za kantri zinazopendwa Uvira na majina yaliyosahaulika

UVIRA – Katika kibanda kimoja cha kuchajia simu mtaani Mulongwe, nyimbo huuzwa kama ndagala sokoni: kwa kipimo, si kwa jina. Mteja anatoa memori kadi yake, anasema anataka “za dini”, “rumba ya zamani”, “bongo” au “kantri”, na kijana mwenye kibanda anammwagia folda nzima. Malipo ni kwa ukubwa wa mzigo. Nani aliimba, lini na wapi, hakuna anayeuliza.

Siku moja nilikuwa nimekaa hapo nikisubiri simu yangu ijae chaji, akaja mzee mmoja akiwa na redio ndogo inayotumia kadi. Alitaka wimbo mmoja tu. Jina la wimbo hakulijua, wala jina la mwimbaji. Alichokuwa nacho ni sauti ya gita, ambayo aliiguna taratibu huku akipigapiga vidole viwili juu ya meza ya mbao. Kijana alimsikiliza kwa heshima, kisha akafungua folda aliyoiandika “Country”, akaanza kumchezea wimbo mmoja baada ya mwingine.

Jim Reeves alikuwemo, jina lake likiwa limekosewa tahajia. Kenny Rogers alikuwemo, na Dolly Parton, na Don Williams. Halafu zikafuata faili zisizo na majina, namba tupu: “Track 07”, “Track 08”, hadi 11. Namba 07 ilipoanza, ikatoka gita moja peke yake, bila ngoma, nyuzi za chini zikitembea kwa mwendo wao na nyuzi za juu zikisimulia jambo lingine kabisa. Kijana alisema huyo ni Mmarekani. Hakuwa Mmarekani. Ulikuwa ni “Masanga” wa Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, Katanga, nchi yetu hii hii.

Mzee alitikisa kichwa. Si huyo, alisema, ila yuko karibu naye. Wake alikuwa mtu wa pwani hii ya ziwa, aliyekuwa akipiga gita harusini kati ya Uvira na Baraka enzi za ujana wa mzee huyo, akiimba Kiswahili cha kwetu. Tulimaliza folda yote. Hakuwemo.

Mimi ni mshabiki wa kantri tangu utotoni, na makala haya yametokana na folda ile. Nataka kutoa maoni yangu kuhusu baadhi ya nyimbo zilizomo, zipi zinasifiwa kupita kiasi na zipi zinaonewa. Lakini zaidi ya hapo nataka kuuliza swali ambalo mzee yule aliniachia: kwa nini tunakumbuka sauti na kusahau mtu?

Wimbo wa kujazia uliogeuka kuwa wimbo mkuu

Tuanze na Jim Reeves, kwa sababu huku kwetu ndiye mlango wa kuingilia kantri. Sauti yake ni ya chini, haina haraka, na Kiingereza chake hata mtu wa darasa la sita anaweza kukifuata. Waumini wanaokataza muziki wa dunia nyumbani kwao humpitisha yeye, maana aliimba pia nyimbo za dini. “This World Is Not My Home” nimeusikia kwenye matanga zaidi ya mara moja hapa mjini.

Wimbo wake mkubwa kuliko yote ni “He'll Have to Go”, uliotoka mwishoni mwa mwaka 1959. Mwanamume yuko baa, anampigia simu mwanamke anayempenda, na anajua mwanamke huyo yuko na mwingine. Hadithi yote imo ndani ya simu hiyo moja. Mwaka 1960 wimbo huo ulikaa wiki 14 katika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri Marekani, na ukafika nafasi ya pili katika chati ya muziki wa jumla.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wimbo huo haukutolewa uwe mkuu. Enzi za santuri, singo ilikuwa na nyimbo mbili. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo ambao kampuni iliutegemea kuuza, na upande wa pili uliwekwa wa kujazia. “He'll Have to Go” ulikuwa upande wa pili. Upande wa kwanza uliitwa “In a Mansion Stands My Love”, na leo hata mashabiki sugu hawaujui. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza santuri.

Mimi naona hilo ni somo la kwanza. Kampuni ikisema huu ndio wimbo, si lazima iwe kweli. Inategemea ni nani amepata nafasi ya kugeuza santuri.

Ninazozishusha na ninazozipandisha

Sasa nitasema yatakayowaudhi baadhi ya wasomaji. “The Gambler” wa Kenny Rogers, wa mwaka 1978, ni wimbo mzuri uliochoshwa na sisi wenyewe. Tumeupiga kwenye mabasi ya Bujumbura, kwenye nganda, kwenye harusi, hadi hekima yake imekuwa kama methali iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi: iko pale, haisomwi. Aliyeuandika ni Don Schlitz. Hilo nalo ni jina ambalo hakuna folda ya Uvira inayolitaja.

Kwa Dolly Parton, vijana wote wanakimbilia “Jolene”. Sina ugomvi nao. Wimbo ule ulifika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri mwanzoni mwa mwaka 1974, na ulistahili. Lakini mimi nauweka chini ya “Coat of Many Colors” wa mwaka 1971, ambao ulifika nafasi ya nne tu. Humo mama maskini anamshonea binti yake koti kwa vipande vya nguo vilivyokusanywa, huku akimsimulia habari za Yusufu wa kwenye Biblia. Mtoto anakwenda shule akiwa na fahari, na wenzake wanamcheka. Wimbo huo aliutoa kwenye maisha yake mwenyewe, na maneno yake aliyaandika akiwa safarini kwenye basi la Porter Wagoner, juu ya karatasi ya risiti ya dobi, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine.

Mwenye kuishi Uvira hahitaji kufafanuliwa. Akina mama wanaokata kitenge kimoja kikatosha watoto watatu tunawajua. Wapo Kasenga, wapo Kavimvira, wapo kwenye kambi za waliohamishwa na vita. “Jolene” ni wimbo wa wivu, na wivu uko kila mahali. “Coat of Many Colors” ni wimbo wa heshima ya mtu asiye na kitu, na ndiyo maana nasema ungekuwa wimbo wetu kama tungeusikiliza maneno.

Don Williams naye tumemfanya mtu wa wimbo mmoja, “You're My Best Friend” wa mwaka 1975, wimbo wa kukata keki ya harusi. Afrika ilimpenda mapema, naye alikuja kuimba Harare mwaka 1997, onyesho ambalo lilirekodiwa kwa picha. Lakini wimbo wake ninaoupandisha ni “Good Ole Boys Like Me” wa mwaka 1980, ulioandikwa na Bob McDill. Ni mtu mzima anakumbuka alivyolelewa, vitabu na redio ya usiku, na anajiuliza mtu hubadilika kiasi gani akitoka alikozaliwa. Wahame wetu walioko Kampala, Nairobi au Marekani wakiusikia vizuri, watauelewa kuliko sisi tuliobaki.

Deni la mchimbaji

Kuna singo nyingine iliyogeuzwa. Mwaka 1955 Tennessee Ernie Ford alitoa santuri ambayo upande wake wa kwanza ulikuwa “You Don't Have to Be a Baby to Cry”. Upande wa pili ulikuwa “Sixteen Tons”. Watu waliugeuza, na upande wa pili ukaongoza chati zote mbili, ya kantri na ya muziki wa jumla.

“Sixteen Tons” uliandikwa na Merle Travis, aliyekulia Kaunti ya Muhlenberg, jimbo la Kentucky, katikati ya machimbo ya makaa ya mawe. Alikuwa ameurekodi mwenyewe mwaka 1946. Unahusu mtu anayepakia makaa kutwa, na jioni anakuta deni lake kwenye duka la kampuni limeongezeka. Anazidi kuzeeka, deni nalo linazidi kunenepa.

Peleka wimbo huo Misisi, wilayani Fizi, kwenye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji anaingia shimoni akiwa amekwisha kukopeshwa chakula, kurunzi na zana na mwenye shimo au mnunuzi. Dhahabu ikipatikana, kwanza linakatwa deni. Isipopatikana, deni linabaki naye. Sijui wimbo wa Kimarekani unaoweza kueleweka upesi zaidi katika Kivu Kusini kuliko huo, lakini katika folda ya Mulongwe haukuwemo. Tumechukua kantri ya mapenzi tukaacha kantri ya kazi.

Vidole viwili

Merle Travis ana jambo jingine linalotuhusu. Alipiga gita kwa vidole viwili: kidole gumba kikishika besi kwa zamu, kidole cha shahada kikichomoa sauti ya juu. Mtindo huo Wamarekani wameupa jina lake. Lakini yeye mwenyewe alisema aliupata kwa watu wa nyumbani kwao, Mose Rager na Ike Everly, wachimbaji wa makaa. Hao nao waliupata kwa Kennedy Jones. Na wanaofuatilia historia ya mtindo huo humfikia mtu mweusi aliyeitwa Arnold Shultz.

Shultz alizaliwa mwaka 1886 magharibi mwa Kentucky. Alifanya kazi za kibarua na kupiga gita na fidla kwenye ngoma za vijijini, kwa weusi na kwa wazungu. Bill Monroe, anayeitwa baba wa muziki wa bluegrass, alieleza mara nyingi jinsi alivyopiga naye kwenye ngoma akiwa kijana na jinsi alivyojifunza kwake. Shultz alifariki mwaka 1931. Hakurekodi hata wimbo mmoja. Mtindo wa vidole vyake umezunguka dunia nzima, lakini sauti yake hakuna mtu aliye hai anayeijua.

Kwa nini majina ya weusi yalipotea katika kantri? Sababu mojawapo ni folda. Katika miaka ya 1920, kampuni za santuri za Marekani zilitenga katalogi mbili: moja ya muziki wa wazungu wa vijijini, nyingine ya muziki wa weusi. Wapigaji wenyewe walikuwa wakifundishana na kuibiana mbinu kila Jumamosi usiku, lakini dukani waliwekwa kwenye rafu tofauti. Aliyekuwa mweusi na anapiga muziki wa kijijini hakuwa na rafu.

Hata waliofika juu hawakusalimika. DeFord Bailey, mpiga harmonika, kile kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Nashville kinachoitwa Grand Ole Opry. Wimbo wake wa “Pan American Blues” uliiga mlio wa gari moshi kiasi kwamba msikilizaji alihisi linapita mlangoni. Inasimuliwa kwamba ni baada ya yeye kuupiga hewani mwaka 1927 ndipo mtangazaji George D. Hay alipokipa kipindi hicho jina hilo. Mwaka 1941 akaachishwa. Akaishi kwa kung'arisha viatu hukohuko Nashville. Alifariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri mwaka 2005, miaka 23 baadaye.

Linda Martell naye alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Opry, mwaka 1969, mwaka ambao singo yake “Color Him Father” ilitoka. Alitoa albamu moja ya kantri mwaka 1970, kisha akapotea kwenye biashara hiyo. Vijana wengi walisikia jina lake kwa mara ya kwanza mwaka 2024, Beyoncé alipomweka kwenye albamu yake “Cowboy Carter”. Nasema wazi: singo ile ya Martell inastahili kusikilizwa kwa ajili yake yenyewe, si kwa sababu nyota mkubwa amemnyooshea mkono.

Santuri zilizovuka bahari kuja huku

Kantri ilifika Afrika Mashariki kabla ya Jim Reeves. Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa zamani wa reli kutoka Mississippi, alianza kurekodi mwaka 1927 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika hadi nchi ya Wakipsigi, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipokwenda Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wakiimba wimbo kuhusu kiumbe aitwaye “Chemirocha”, nusu mtu nusu mnyama wa pori. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Jina lake lilipita katika kinywa cha Kikipsigi likatoka na umbo jipya, na mwenye jina akageuka kuwa kitu cha hadithi.

Hapa kuna jambo zuri. Tracey aliandika majina. Aliandika kwamba aliyeongoza wimbo huo ni Chemutoi Ketienya, akiwa na wasichana wenzake. Kwa sababu majina na mahali viliandikwa, zaidi ya miaka 60 baadaye Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ziliweza kurudi kwa Wakipsigi na rekodi zile. Mmoja wa waliorekodiwa siku zile alipatikana akiwa hai. Bila karatasi yenye majina, wangemtafuta nani?

Kantri yetu wenyewe

Tracey huyohuyo ndiye aliyemkuta Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Ulikuwa mji wa shaba, kama vile nyumbani kwa Merle Travis kulivyokuwa nchi ya makaa. Mwenda naye alipiga kwa vidole viwili, gumba na shahada. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja aliyekaa na gita moja, mbali na bendi, katika mji wa machimbo, akitaka kusikika kama watu wawili, mikono yake itatafuta njia hiyo.

“Masanga” ilitolewa kwenye santuri za Gallotone, ikasambaa Afrika Mashariki na ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikuwa Nairobi, akitangaza dawa ya Aspro kwa gita. Edouard Masengo, jamaa yake kutoka Katanga, naye alitangaza Coca-Cola hukohuko. Wapigaji wa Kenya waliwasikiliza kwa makini. Mwaka 1969 Mwenda aliimba kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Kwa hiyo kijana wa Mulongwe alikosea nchi, lakini hakukosea sana sikio. Mwenda, Masengo na Losta Abelo waliimba mambo yaleyale ya kantri: kazi, pesa, safari, mwanamke aliyeondoka, pombe, kijiji kilichoachwa. Na waliimba Kiswahili ambacho mtu wa Uvira anakielewa bila mkalimani. Barabara yao kuja huku ilikuwepo: reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, na kutoka Kalemie mashua huja hadi bandari yetu ya Kalundu. Mtu aliyetoka kazini Katanga akirudi Kivu angeweza kubeba santuri ndani ya sanduku, au gita begani.

Ukiniuliza ni nani kati ya watatu hao anayeonewa zaidi, nitakujibu Losta Abelo. Mwenda ana sifa yake, na amestahili. Lakini kwa Abelo husikii gita linalojionyesha. Unasikia mtu anayekusimulia jambo, na gita limekaa pembeni kama rafiki anayeitikia. John Low, mpiga gita Mwingereza aliyesafiri hadi Shaba mwaka 1979 kuwatafuta wakongwe hao na kujifunza kwao, aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, “Shaba Diary”, kilichotoka mwaka 1982. Inauma kidogo kwamba anayetaka kujifunza habari za Abelo leo anaanzia kwenye kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa Vienna.

Ongeza hapo George Mukabi, wa magharibi mwa Kenya, aliyeimba Kiswahili kwa gita la mtindo wa omutibo na kufariki mwaka 1963, akiwa bado kijana. Wimbo wake “Sengula” nauweka mbele ya robo tatu ya yaliyomo kwenye folda ile ya kantri. Na kwa upande wa leo, Nairobi ina Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, anayeimba kantri jukwaani kwa miaka mingi. Wakongomani wachache sana wanamjua.

Bei ya faili lisilo na jina

Msomaji anaweza kusema: hasara iko wapi? Muziki si unasikika?

Hasara ya kwanza ni pesa. Nchi yetu ina SOCODA, shirika la kukusanya na kugawa haki za watunzi. Tunaweza kubishana siku nzima kuhusu utendaji wake, lakini hata shirika lifanye kazi kwa uaminifu wa malaika, haliwezi kumlipa “Track 07”. Jina likikatika kibandani, na mkono wa mjane au mtoto wa msanii umekatika hapohapo.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Hapa Uvira tunapoteza vitu kwa kasi. Tangu mwaka 1996 vita vimetupitia tena na tena, na mtu anapokimbia kuelekea Gatumba habebi sanduku la kaseti. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu kadhaa na kubomoa nyumba kwa maelfu. Ziwa nalo limepanda na kumeza nyumba za ufukweni. Kila mara maji yanapoingia, yanaondoka na picha za harusi, redio, kaseti, madaftari. Kilichobaki kimo ndani ya vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Hapo ndipo namrudia mpigaji wa yule mzee. Kama kumbukumbu yake ni sahihi, pwani hii ilikuwa na mtu aliyepiga gita la vidole viwili, akaimba Kiswahili chetu kwenye harusi za Makobola, Mboko na Baraka. Pengine hakurekodiwa. Pengine alirekodiwa na kaseti imelowa. Tuna Arnold Shultz wetu, na hatuna hata jina lake la kuandika kwenye makala.

Dawa yake si ghali. Watangazaji wa redio zetu za hapa wanaweza kutaja jina la wimbo na la mwimbaji kabla na baada ya kuupiga, si kusema tu “tumeburudika”. Kwaya zinazorekodi kwa simu zinaweza kuandika jina la mtunzi, la mpiga gita, la mji na mwaka. Wenye vibanda wanaweza kubadilisha jina la faili. Ni kazi ya nusu dakika. Na sisi wenye wazazi waliohai tunaweza kukaa nao jioni moja, tukawauliza ni nani alikuwa akipiga gita mtaani kwao, na tukaandika.

Na wale ndugu zetu walioko Kentucky, maana Lexington, Louisville na Bowling Green zina Wakongomani wengi siku hizi, wajue kwamba wanakaa kwenye ardhi ya Arnold Shultz na Merle Travis. Wanapotutumia muziki wa huko, watutumie na majina.

Nilipopita tena Mulongwe, kijana alikuwa amebadilisha faili. Namba 07 sasa inasomeka “Mwenda Jean Bosco – Masanga – Likasi 1952”. Aliniambia wateja wawili wameshamuuliza Mwenda ni nani. Namba 08 hadi 11 bado ni namba. Mzee naye alikuwa amerudi mara moja kuuliza kama wimbo wake umepatikana. Haujapatikana, lakini safari hii alikumbuka jambo moja zaidi: mpigaji huyo alikuwa akikosa uzi wa tatu kwenye gita lake na alipiga hivyohivyo. Kijana ameliandika kwenye daftari lake la madeni ya chaji, pembeni, chini ya tarehe ya siku hiyo.